Kocha Anapofokea Watoto: Je, Mwamuzi Ampe Adhabu?

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo mara nyingi tunalisikia kabla ya kuliona. Unapokaribia kiwanja ambako watoto wanacheza mpira, sauti ya kwanza inayokufikia mara nyingi si ya watoto. Ni ya mtu mzima anayesimama kando ya mstari, akipaza sauti kwa wachezaji wake mwenyewe. Wakati mwingine anaelekeza. Wakati mwingine anatukana. Na mwamuzi, ambaye wengi wetu tunamwita arbitri, anaendelea na mchezo kana kwamba hakusikia kitu.

Sisi tunaofanya kazi na vijana katika mashindano ya amani huulizwa swali hili karibu kila msimu wa kiangazi, masomo yanapofungwa na mashindano yanapoanza: je, ni kazi ya mwamuzi kumwadhibu kocha anayefokea wachezaji wake? Au hilo ni jambo la ndani ya timu, kama ugomvi wa nyumbani ambao jirani haingilii?

Lengo la somo

Baada ya kusoma na kuzungumza pamoja, tunatumaini kila mshiriki ataweza:

- kutofautisha kocha anayepaza sauti na kocha anayedhalilisha;
- kueleza sheria za mpira na sheria za kulinda watoto zinasema nini;
- kusaidia komite yake kuandika mapatano ambayo mwamuzi anaweza kuyatumia bila kuogopa.

1. Sauti ni za namna tatu

Makosa mengi katika mjadala huu yanatokana na kutumia neno moja, «kufoka», kwa mambo yasiyofanana. Tuyatenganishe.

Ya kwanza ni sauti ya kuelekeza. «Rudi nyuma! Fungua kulia! Mtu yuko mgongoni!» Viwanja vyetu havina benchi la karibu wala vipaza sauti. Upepo unavuma, watazamaji wanaimba, na golikipa yuko mita themanini kutoka kwa kocha wake. Kocha asipopaza sauti hatasikiwa. Hapa hakuna kosa lolote, na mwamuzi anayemzuia kocha huyu anaharibu mchezo.

Ya pili ni sauti ya hasira. «Mara ngapi nimekuambia usipige katikati!» Kocha amekasirika, lakini maneno yake bado yanahusu mchezo, siyo utu wa mtoto. Ikitokea mara moja, inapita. Ikiwa kila dakika, na kila mara kwa mtoto yule yule, mtoto huyo anaanza kumwangalia kocha badala ya kuangalia mpira. Hapo kuna haja ya kusema na kocha.

Ya tatu ni sauti ya kudhalilisha. Haigusi tena mchezo, inamgusa mtoto mwenyewe: akili yake, mwili wake, mama yake, kabila lake, umaskini wa nyumba yao. Humo pia tunaweka vitisho: «Tukifungwa utaniona leo.» Katika timu za wasichana, maneno kuhusu umbo la mwili yako katika kundi hili, hata yakisemwa kwa kicheko. Na katika sehemu zetu kuna neno moja zito kuliko mengi, lile ambalo huambiwa mtoto aliyetoka katika kundi lenye silaha: «Rudi msituni kwa wenzako.»

Angalieni kwamba tofauti haiko katika ukubwa wa sauti. Maneno ya kundi la tatu yanaweza kusemwa polepole, sikioni, wakati wa mapumziko, na yakachoma zaidi. Kwa hiyo mwamuzi hapimi kelele. Anasikiliza maneno, na anaangalia ishara za mikono.

2. Sheria inasema nini

Watu wengi wanaamini kwamba mamlaka ya mwamuzi yanaishia kwenye mstari wa pembeni, na kwamba kadi ni za wachezaji tu. Sivyo.

Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, katika kitabu kinachotolewa na IFAB, inamtaka mwamuzi achukue hatua dhidi ya viongozi wa timu wasiotenda kwa uwajibikaji. Kwa miaka mingi aliweza kumwondoa kocha kiwanjani, lakini bila kadi, kwa hiyo watazamaji hawakuelewa daima nini kimetokea. Tangu Juni 2019 sheria inamruhusu amwonyeshe kocha kadi ya manjano au nyekundu, sawa na mchezaji. Na ikiwa kosa limetoka katika benchi lakini mkosaji hajulikani, adhabu inamwangukia kocha mkuu aliyepo.

Sheria ya 12 inaeleza ngazi zenyewe. Kuna makosa madogo ya kuonywa kwa mdomo. Kuna makosa ya kadi ya manjano, kama kuendelea na mwenendo mbaya au kuonyesha kutoheshimu mchezo. Na kutumia maneno ya matusi au ya kudhalilisha ni kosa la kadi nyekundu. Sheria haisemi kwamba tusi ni kosa likielekezwa kwa mpinzani au kwa mwamuzi tu. Tusi ni tusi, hata kama anayetukanwa amevaa jezi ya timu ya anayetukana.

Upande wa watoto, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili, akiwa chini ya wazazi wake au mtu mwingine yeyote anayemtunza. Saa ile mtoto yuko kiwanjani, mtu huyo ni kocha. Mwaka 2011 Komite ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba kutisha mtoto, kumtukana, kumdharau na kumfanyia mzaha wa kumdhalilisha ni sehemu ya ukatili wa akili. Nayo sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18 katika Kongo. Sheria haikuweka kando siku ya mechi.

Kwa hiyo swali siyo kama mwamuzi ana ruhusa. Ruhusa anayo. Swali ni kwa nini haitumii, na aitumie namna gani.

3. Kwa nini hili ni jambo la amani

Msomaji mmoja anaweza kusema: katika nchi ambako watu wanakimbia vijiji vyao, mnatuletea habari za kocha mwenye mdomo mkali? Tunajibu hivi.

Mashindano ya amani yanakusanya watoto wa jamii ambazo hazikuaminiana. Tunawaambia kwamba kiwanjani wote wako sawa mbele ya kanuni. Sasa tazameni kinachotokea kwa kweli. Mtoto wa miaka 12 akimtukana mwamuzi, anapewa kadi nyekundu mara moja na watu wote wanakubali. Dakika tano baadaye mtu mzima anamtukana mtoto huyo huyo mbele ya kijiji kizima, na hakuna kinachotokea. Somo ambalo watoto wote ishirini na wawili wanalipeleka nyumbani ni moja: tusi ni kosa la mdogo na ni haki ya mkubwa.

Somo hilo tunalijua. Ndilo lililotuumiza kwa miaka. Watu wenye nguvu walisema na kutenda walivyotaka, na wadogo ndio walioulizwa. Mwaka 2012 Korti ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kwa kosa la kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Uzito wa hukumu ile kwa watu wengi ulikuwa huu: kamanda pia anaweza kuulizwa. Kadi ya kocha na hukumu ya korti si vitu vya kupimwa katika mizani moja. Lakini mtoto hasomi maamuzi ya korti. Anaona kiwanja. Kiwanjani ndiko anakoweza kushuhudia kwa macho yake, pengine kwa mara ya kwanza, mtu mkubwa akiambiwa «hapana» kwa utulivu, bila fimbo wala bunduki, na mtu huyo akatii.

Kuna pia watoto ambao kwao sauti ya kocha si sauti ya kocha tu. Mtoto aliyeishi chini ya amri za kundi lenye silaha anajua kwamba mkubwa akifoka, kinachofuata ni kipigo au kitu kibaya zaidi. Sauti hiyo ikimfikia kiwanjani, mwili wake unajibu kabla ya akili: mmoja anaganda, mwingine anakimbia, mwingine anamrukia mpinzani kwa ukali ambao haukutakiwa. Kocha anaona mchezaji asiyesikia. Kwa kweli ni mchezaji aliyesikia kupita kiasi. Tunawapeleka watoto hawa kwenye mpira ili wazoee maisha mengine. Tusiwarudishie sauti ile ile.

4. Hofu haifundishi mpira

Makocha wengi wanasema wanafoka kwa sababu inaleta matokeo. Historia ya mpira wa nchi yetu ina mfano wa kuwajibu.

Mwaka 1974 timu ya Leopards ya Zaire ilikwenda Ujerumani ya Magharibi, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Ilifungwa na Scotland 2-0, halafu na Yugoslavia 9-0. Tarehe 22 Juni ilikutana na Brazil. Zikiwa zimebaki dakika chache, Brazil walipewa mpira wa adhabu karibu na goli letu. Kabla hawajapiga, beki Mwepu Ilunga alitoka katika ukuta, akakimbia na kuupiga mpira mbali. Mwamuzi akampa kadi ya manjano. Dunia ikacheka, na kwa miaka mingi watangazaji wa ng'ambo walisema kwamba Waafrika hawakujua sheria.

Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Wachezaji hawakuwa wamelipwa haki zao. Na baada ya zile 9-0, alisema, watu wa Rais Mobutu waliwatishia: wakifungwa na Brazil mabao manne au zaidi, wasifikiri kurudi nyumbani. Mechi ilikwisha 3-0.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza: mchezaji mwenye hofu hachezi vibaya kwa kuwa hajui. Anacheza vibaya kwa kuwa akili yake haiko tena kwenye mpira. Ikiwa hofu iliweza kumfikisha pale mtu mzima, bingwa wa Afrika, tutegemee nini kwa mtoto wa miaka 11? La pili: kadi siku ile ilimwangukia aliyetishwa. Waliotisha hawakuwa kiwanjani, na mwamuzi hakuweza kuwafikia. Katika mechi zetu za watoto ni tofauti. Anayetisha yuko pale pale, kando ya mstari. Mwamuzi anaweza kumfikia kwa hatua kumi.

5. Wanaokataa wanasema nini

Tusiwadharau wanaokataa. Hoja zao zina uzito, na wengi wao ni watu wanaowapenda watoto.

*«Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulifokewa, na leo ni watu.»* Ni kweli, mtoto anahitaji kukanywa. Lakini methali inasema kukunja, haikusema kuvunja. Kumwambia mtoto «ulikosea kupiga pasi ile, ijaribu hivi» ni kumkunja. Kumwambia «wewe ni mjinga kama baba yako» hakumfundishi pasi yoyote. Nidhamu inamwonyesha mtoto njia nyingine. Tusi linamwonyesha tu kwamba hana njia.

*«Kocha anajitolea. Hana mshahara, ananunua mpira kwa franka zake. Tukimpa kadi, ataacha timu.»* Hii ni hofu ya kweli. Mahali pengi, kocha akiondoka, watoto hawana mtu mwingine. Ndiyo sababu hatupendekezi kuanza na kadi. Tena kocha anayejitolea anastahili kufundishwa: wengi wanafoka kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyewaonyesha namna nyingine.

*«Mwamuzi hajui lugha zote. Atajuaje kama ni tusi?»* Katika mashindano yetu kocha anaweza kusema Kifuliru, Kibembe, Mashi, Kinyarwanda au Kihunde, na mwamuzi asielewe neno. Mbaya zaidi, akimwadhibu kocha wa jamii nyingine, watu wanasema ni ukabila. Inafaa kukumbuka kwamba kadi zenyewe zilizaliwa kwa sababu ya lugha. Katika Kombe la Dunia la 1966 mwamuzi Mjerumani alimtoa kapiteni wa Argentina katika mechi na Uingereza, na kwa dakika nyingi watu hawakuelewana. Baada ya hapo Mwingereza Ken Aston alifikiria kadi za rangi, nazo zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Rangi inaeleweka na kila mtu. Kinachobaki ni sikio, na hilo tutalizungumza hapa chini.

*«Kumwonyesha mzee kadi mbele ya watoto ni kumvunjia heshima.»* Kwetu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, maana bila heshima ya wakubwa hatuna kijiji. Tunajibu kwa taratibu: nafasi ya kwanza ya kocha iwe ya faragha daima, ili apewe mlango wa kujirekebisha bila aibu. Akikataa mlango huo, au tusi likiwa zito tangu mwanzo, tukumbuke kwamba mtoto pia alivunjiwa heshima mbele ya watu. Aibu iliyotendwa hadharani haiponi kwa neno la siri. Na mzee anayepokea kadi, akatoka kimya, siku ile anawafundisha watoto zaidi kuliko mazoezi ya mwezi mzima.

6. Adhabu iwe ya namna gani

Jibu letu basi ni ndiyo: mwamuzi amwadhibu kocha anayedhalilisha wachezaji wake. Lakini adhabu yenyewe ifuate ngazi.

*Ngazi ya kwanza: neno la faragha.* Kwa hasira inayorudiarudia, mwamuzi asubiri mpira utoke nje. Aende karibu na kocha, asimame kando yake badala ya kumkabili uso kwa uso, na aseme kwa sauti ya chini: «Mwalimu, waelekeze, lakini usimchome mtoto yule. Tunakuomba.» Asinyooshe kidole, asipulize filimbi usoni. Mara nyingi neno hili linatosha.

*Ngazi ya pili: kadi ya manjano.* Ikiwa kocha anaendelea baada ya kuombwa, mwamuzi asimamishe mchezo mpira ukiwa umetoka na aonyeshe kadi bila maneno mengi. Asibishane.

*Ngazi ya tatu: kadi nyekundu.* Kwa tusi la utu, la mzazi, la kabila au la maisha ya zamani ya mtoto, na kwa kitisho cha kipigo, hakuna haja ya kupitia ngazi za chini. Kocha anatoka kiwanjani na mahali pa karibu, siyo kusimama nyuma ya goli na kuendelea kutoka huko.

Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, adhabu isimwangukie mtoto. Tusiondoe pointi za timu wala mabao kwa sababu ya mdomo wa kocha. Watoto watakuwa wameadhibiwa mara mbili, na kocha atapata sababu ya kusema kwamba wao ndio waliomletea hasara.

Pili, kila timu iandikishe watu wazima wawili, kocha na msaidizi, na kwa timu ya wasichana mmoja wao awe mwanamke. Kocha akitolewa, watoto wasibaki bila mtu. Bila kanuni hii mwamuzi atasita kutoa kadi, kwa kuwa atajua kwamba anavunja mechi.

Tatu, adhabu isiishie kiwanjani. Kadi inanyamazisha tusi la siku moja, haimbadilishi mtu. Ndani ya wiki moja, watu wawili wa komite wamtembelee kocha, wamsikilize, na wakubaliane naye namna ya kurudi. Wamtembelee pia mtoto na wazazi wake, kuhakikisha kwamba hakuna anayelipiziwa kisasi mazoezini. Kocha aliyekubali kosa arudi kwa heshima. Anayerudia tena na tena apumzishwe kazi ya watoto, hata kama anashinda makombe.

7. Mwamuzi asiachwe peke yake

Tuseme ukweli: katika mechi nyingi za watoto mwamuzi ni kijana wa miaka 19 au 20, ana filimbi tu, na kocha anayetakiwa kupewa kadi alikuwa mwalimu wake katika masomo ya msingi. Watazamaji wanasimama juu ya mstari. Hakuna polisi. Tukimwachia kijana huyu mzigo wote, hatatoa kadi, na hatuwezi kumlaumu. Kadi inatakiwa kuwa imekubaliwa na wote kabla haijatoka mfukoni.

Njia ya kukubaliana mapema imejaribiwa mbali na kwetu, katika mahali palipoumia pia. Mjini Medellín, Kolombia, baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994, vijana wa mitaa yenye magenge walianza mwaka 1996 kucheza mpira wa namna nyingine: timu zinakaa pamoja kabla ya mechi kupanga kanuni za heshima, zinacheza, halafu zinakaa tena kuzungumza kama kanuni zilifuatwa. Mazungumzo ya kabla na ya baada yana uzito sawa na mechi yenyewe. Sisi tuna desturi yetu ya kukaa chini ya mti na kusemezana, kwa hiyo jambo hili si geni. Tunalihamishia tu kiwanjani.

Kwa vitendo, tunapendekeza hivi:

- Kabla ya mashindano, makocha, wazazi na makapiteni wa timu waandike wenyewe maneno ambayo hayatasemwa kiwanjani, katika kila lugha ya mahali. Orodha hiyo ndiyo kamusi ya mwamuzi.
- Makocha watie sahihi mbele ya watoto. Siku ya kadi, mwamuzi haleti sheria yake, anakumbusha sahihi yao.
- Wasaidizi wawili wa pembeni watoke katika jamii mbili tofauti. Kila mmoja asimame upande wa benchi ambalo lugha yake anaielewa, na awe sikio la mwamuzi.
- Mapatano yasomwe kwa sauti kubwa kabla ya kila mechi, ili watazamaji nao wajue.
- Mzee mmoja anayeheshimiwa, mwanamume au mwanamke, akae kila mechi karibu na mstari, kazi yake ikiwa kumtuliza kocha aliyepewa kadi na kumsindikiza nje.
- Baada ya mechi, dakika kumi za duara: kila timu iseme neno moja zuri lililosikika na neno moja lililoumiza, bila kutaja majina.

8. Zoezi: dakika kumi za kimya

Katika mechi ya mazoezi, makocha wa timu zote mbili wakubaliane kunyamaza kabisa kwa dakika kumi za kwanza za kipindi cha pili. Wachezaji ndio wataelekezana. Baada ya mechi, waulizwe watoto: mlicheza namna gani bila sauti yetu? Ni nani aliyeanza kusema ambaye kwa kawaida hasemi? Kisha waulizwe makocha: ni neno gani mlilolimeza, na je, lilikuwa la kuelekeza au la kuchoma? Asiwepo wa kuwahukumu. Jibu la kocha mwenyewe ndilo linalofundisha.

9. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Tuchukue mfano: timu ya wavulana wa miaka 13 inaongoza kwa bao moja. Beki anakosea, timu inafungwa. Kocha anapiga kelele: «Ndiyo sababu walikuacha msituni!» Mtoto anavua jezi na kutoka. Mwamuzi afanye nini kwanza: kumpa kocha kadi, au kumfuata mtoto? Nani amfuate mtoto?

2. Kocha amefoka kwa lugha ambayo mwamuzi haielewi. Watoto wa timu yake wameinamisha vichwa, wa timu nyingine wanacheka. Mwamuzi ana haki ya kuuliza nini, na kwa nani?

3. Mzazi, siyo kocha, ndiye anayemtukana mtoto wake kutoka kwa watazamaji. Mapatano yenu yanasema nini? Kama hayasemi kitu, yaongezwe nini?

4. Katika kijiji chenu, ni wakati gani mliona mtu mwenye cheo akikubali kusahihishwa mbele ya watu? Ilibadilisha nini?

Ndugu wasomaji, wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto aliyejikwaa dole kiwanjani tunamfunga kitambaa na anarudi kucheza. Aliyejikwaa kwenye ulimi wa mkubwa, hakuna anayesimamisha mchezo kwa ajili yake. Tunaomba mchezo usimamishwe. Kila komite itakayosoma somo hili ianze na jambo moja tu kabla ya mechi ijayo: ikae na makocha wake na kuandika, kwa lugha zao wenyewe, maneno ambayo hayatamwangukia tena mtoto yeyote katika kiwanja chao.